Robert Hooke, mtu aliyeijua springi

Msimu wa mavuno uliopita mzee mmoja wa Usevya alitupigia simu studio. Alikuwa ameuza mahindi kwa mnunuzi aliyekuja na mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara kama saa na ndoano kwa chini. Kabla ya hapo mzee alikuwa ameyapima mahindi yake kwenye mizani ya mawe ya jirani, na kila gunia lilikuwa na kilo 100. Kwenye mizani ya mnunuzi kila gunia lilisoma 97. Hakupiga simu ili kumlaumu mtu. Alitaka kujua ndani ya ile mizani kuna kitu gani, na kama kitu hicho huchoka.

Siku ile tulimjibu kwa kifupi kwamba ndani mna springi, tukaweka muziki, kipindi kikaendelea. Baadaye tuliona jibu lile halikumtosha, wala halikututosha sisi. Springi ya namna hiyohiyo ndiyo inayowapima watoto kliniki, kuanzia Karema ziwani hadi Inyonga, mama anapomvalisha mwanawe ile suruali ya kitambaa na muuguzi akamning'iniza kwenye ndoano. Mizani ikisema uongo kwenye mahindi, mkulima anapoteza hela. Ikisema uongo kwenye mtoto, anaweza kuwa anapungua mwezi hadi mwezi na kadi yake ionyeshe kwamba yuko salama.

Tukatafuta. Tulichokipata kilitupeleka kwa mtu mmoja wa Uingereza aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na maisha yake yalitushika kiasi kwamba tumeona tuyaandike hapa kwa urefu. Jina lake ni Robert Hooke. Aliyesoma fizikia sekondari huenda analikumbuka jina hilo kwenye kanuni moja fupi ya mtihani. Mtu mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko kanuni hiyo, na mambo yake mengi yamo katika maisha yetu huku bila sisi kujua.

Hooke alizaliwa tarehe 18 Julai 1635, kwa kalenda waliyoitumia Waingereza wakati huo, katika kijiji cha Freshwater kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake, John, alikuwa mchungaji msaidizi wa kanisa la hapo. Mtoto alikuwa dhaifu, na kwa miaka ya mwanzo wazazi hawakuwa na hakika kama atakua. Baba alijaribu kumfundisha ili naye awe mtu wa kanisa, lakini kichwa kilimuuma mno, ikabidi amwache. Basi akabaki nyumbani anachezea vitu. Siku moja aliona saa ya shaba ikifunguliwa, akaenda akatengeneza ya kwake kwa mbao, na ikatembea. Akatengeneza pia meli ndogo yenye kamba zake na mizinga midogo iliyolia. Huku kwetu tunawajua watoto wa namna hii. Ni wale wanaotengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona kwelikweli, halafu watu wazima wanawaambia waache michezo wakasome.

Baba alifariki mwaka 1648, Robert akiwa na miaka 13. Kwa urithi mdogo alioachiwa alipelekwa London kujifunza uchoraji kwa mchoraji maarufu, Peter Lely. Hakukaa. Harufu ya rangi ilimrudishia maumivu ya kichwa. Akaingia shule ya Westminster, chini ya mwalimu mkuu Richard Busby, aliyekuwa na sifa ya fimbo na pia ya kutambua akili ya mtoto. Hapo ndipo Hooke alipopatia. Inasimuliwa kwamba vitabu sita vya kwanza vya hesabu za maumbo vya Euclid alivimaliza kwa wiki moja. Wakati huohuo mgongo wake ulianza kupinda, na ukaendelea kupinda hadi uzeeni. Yeye mwenyewe aliamini ulitokana na kuinamia mashine ya kukereza mbao.

Mwaka 1653 alikwenda Oxford. Hakuwa na fedha, hivyo alisoma huku akifanya kazi kwa watu wenye nazo. Mmoja wao alikuwa Robert Boyle, tajiri aliyependa kuchunguza hewa. Boyle alitaka pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye chupa kubwa ya kioo. Mafundi wengine walikuwa wamejaribu wakashindwa, na Hooke akaitengeneza.

Wasikilizaji wenye baiskeli wanaweza kuona sasa hivi kile ambacho Boyle na Hooke walikuwa wanakishangaa. Chukua pampu, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma mpini. Mpini utaingia kidogo, halafu utakataa. Uachie, utarudi wenyewe. Hewa iliyomo ndani imegandamizwa na inataka nafasi yake. Kadiri unavyoibana kwenye nafasi ndogo zaidi ndivyo inavyosukuma kwa nguvu zaidi. Boyle aliitangaza hesabu ya jambo hilo mwaka 1662 na kanuni ikaitwa kwa jina lake, ingawa mikono iliyoshika vifaa kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Hooke. Tunadhani hapo ndipo alipoanza kujiuliza swali lililomfuata maisha yake yote: kwa nini kitu ukikivuta au kukibana hurudi kilivyokuwa?

Mwaka huohuo wa 1662 chama kipya cha wanasayansi mjini London, Royal Society, kilimpa kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwa nayo. Kila wiki alitakiwa awaandalie wanachama majaribio matatu au manne ya kuona kwa macho. Kila wiki, kwa miaka. Sisi tunaoandaa kipindi kila siku tunajua ugumu wa kutafuta mada mpya, lakini angalau mada zetu hazilipuki. Yeye ilibidi aje na pampu, na darubini, na mizani, na wakati mwingine mnyama hai, na jambo lionekane mbele ya watu. Mshahara ulichelewa, na kuna nyakati haukuja kabisa.

Mwaka 1665 alichapisha kitabu kilichomfanya ajulikane, Micrographia. Aliangalia vitu vidogo kwa hadubini na kuvichora kwa mkono wake: kiroboto mkubwa kama paka kwenye karatasi ya kukunjua, jicho la nzi, ukungu, ncha ya sindano. Alipokata kipande chembamba cha gome la kizibo aliona vyumba vidogo vidogo vimepangana, akaviita kwa neno la Kiingereza linalomaanisha vijumba. Ndilo neno ambalo sisi tunalisema seli. Kila daktari anayesema seli za damu au seli za saratani anatumia jina lililotoka kwenye meza ya Hooke.

Mwaka uliofuata, Septemba 1666, London iliungua. Moto ulianza kwenye tanuri la mwoka mikate na ukala zaidi ya nyumba 13,000. Hooke aliteuliwa kuwa mmoja wa wapimaji wa mji. Kwa miaka kadhaa alitembea kwenye majivu na kamba ya kupimia, akiweka mambo, akisikiliza majirani wanaogombea mpaka wa ukuta, akiandika hati ili mtu aweze kujenga upya. Kwa anayejua kesi za viwanja, hii ni kazi ya kutafutiwa maadui, lakini inaonekana watu walimwamini. Pamoja na rafiki yake Christopher Wren, msanifu wa majengo, alisimamisha mnara wa kumbukumbu ya moto huo, wenye urefu wa karibu mita 62, uliokamilika mwaka 1677. Upo hadi leo. Ndani waliuacha wazi toka juu hadi chini ili wautumie pia kwa majaribio ya kisayansi.

Turudi kwenye springi sasa.

Wakati wa Hooke tatizo kubwa la mabaharia lilikuwa kujua wako wapi baharini, na kwa hilo walihitaji saa isiyoharibiwa na mawimbi. Saa za pendulumu hazifai kwenye meli inayoyumba. Hooke aliwaza kwamba springi nyembamba iliyojikunja inaweza kuchukua nafasi ya pendulumu, maana springi hurudi mahali pake hata chombo kikiyumba namna gani. Alidai alilipata wazo hilo karibu mwaka 1660, lakini hakulichapisha. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens akatangaza saa ya namna hiyo, na Hooke akawaka. Alisema ameibiwa. Fundi saa Thomas Tompion akatengeneza saa kwa maelekezo ya Hooke ili mfalme aone, lakini watu wengi walimwona kama mtu anayedai kila kitu ni chake.

Hapo tunaona kasoro yake, na hatuoni sababu ya kuificha. Alikuwa na mawazo mengi kuliko muda wa kuyamaliza, na aliogopa kuibiwa. Hivyo mwaka 1676, alipotaka kuhifadhi ugunduzi wake kuhusu springi bila kuutoa, alichapisha herufi 14 tu, zimepangwa kwa mfuatano wa alfabeti, hazina maana yoyote kwa msomaji. Herufi hizo ukizipanga sawasawa zinatoa sentensi fupi ya Kilatini. Alifanya kama fundi anayefukia dawa yake chini ya mti, akitaka siku ya ugomvi aseme ilikuwa pale siku zote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1678, alitoa kijitabu kuhusu springi na kufumbua fumbo lake mwenyewe.

Maana ya fumbo hilo, kwa maneno yetu, ni kwamba kiasi cha kuvutika kinafuatana na kiasi cha nguvu inayovuta. Weka uzito mmoja, springi itashuka hatua moja. Weka wa pili ulio sawa, itashuka hatua ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Wa tatu, hatua ya tatu. Ukitoa uzito, inapanda kwa hatua zilezile.

Aliyapima hayo kwa vitu vinne. Alipima springi iliyosokotwa kama ya kitanda, springi bapa ya saa, na kipande cha mti mkavu kilichoshikwa upande mmoja na kuinamishwa upande wa pili. Alining'iniza pia waya mrefu kutoka juu, wa futi 20 hadi 40, ukiwa na sahani ya kuwekea mizigo chini yake. Huo waya ndio unaotustaajabisha zaidi. Waya mnyoofu wa chuma mtu huuona hauna mchezo kabisa, lakini ukiwa mrefu vya kutosha na ukapima kwa makini, unarefuka. Kidogo sana, lakini kwa hatua sawa. Hooke akasema hali hiyo haiko kwenye springi pekee. Iko kwenye chuma, mti, jiwe, udongo uliochomwa, mfupa, unywele, pembe, kioo. Kila kitu kigumu ni springi, tofauti ni kwamba vingine ni springi ngumu sana.

Tabia hiyo kwa Kiswahili huitwa unyumbufu. Ndani ya kitu kigumu chembe zake zimeshikana, kila moja ina umbali wake na mwenzake. Ukivuta, zinaachana kidogo na zinavutana zirudi. Ukigandamiza, zinasogeleana na zinasukumana. Ndiyo maana lori lililojaa tumbaku linapita mashimo ya barabara, vile vyuma vilivyopangwa juu kwa juu karibu na ekseli vinanyooka na kurudi, vinanyooka na kurudi, na mzigo unafika. Behewa la treni kutoka Kaliua hadi Mpanda vilevile linakaa juu ya springi nzito, na hata reli inainama chini ya gurudumu na kunyanyuka likipita.

Unyumbufu una mwisho wake. Vuta waya wa fensi kidogo ukauachia, utarudi. Uvute kupita kiasi, utabaki mrefu, hautarudi tena. Kitu kimepita mpaka wake. Ukiongeza nguvu zaidi, kitakatika. Mafundi wa magari hapa Mpanda wanaijua springi iliyolala. Haijavunjika, lakini gari limekaa upande. Ilibebeshwa zaidi ya mpaka wake mara nyingi, au imechoka kwa miaka, na umbo lake jipya ndilo limekuwa umbo lake. Mpira wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye baiskeli nao ni mnyumbufu, tena sana, ila haufuati hatua sawa za Hooke. Mwanzoni unavutika kwa urahisi, ukifika mbali unakuwa mgumu ghafla. Ndiyo sababu hakuna anayetengeneza mizani ya kuaminika kwa mpira wa manati.

Kijitabu kile kiligusa jambo jingine ambalo mafundi ujenzi watalipenda. Hooke aliona kwamba ubao ukiuinamisha, upande wa nje wa pindo unavutika na upande wa ndani unabanwa. Weka ubao juu ya mfereji ukanyage katikati. Sehemu ya chini ya ubao ndiyo inayovutika, na ndiko unakoanza kupasuka. Kwenye boriti ya zege la nyumba mambo ni hayohayo. Zege na tofali la kuchoma vinastahimili sana kugandamizwa, lakini ni dhaifu vikivutwa. Ndiyo maana juu ya dirisha kunawekwa lenta yenye nondo, na nondo zile za kubeba mzigo lazima zikae chini ndani ya zege, kwenye upande unaovutika. Tumeona nyumba ambako fundi aliziweka juu kwa sababu ni rahisi kuzifunga huko. Nyufa zilianzia katikati ya dirisha, chini ya lenta, kabla ya mvua ya pili.

Na pale ambapo hakuna nondo? Hooke alilijibu hilo pia, nalo kwanza alilificha kwenye fumbo la herufi. Shika mnyororo ncha mbili uuache uning'inie. Umbo linalojitengeneza ni la kuvutwa tupu, hakuna sehemu inayobanwa. Sasa ligeuze umbo hilo juu chini na ulijenge kwa mawe au matofali. Utapata tao ambalo kila tofali linabanwa na hakuna linalovutwa, yaani tofali linafanya kazi ile tu linayoiweza. Wren alilitumia wazo hilo alipofikiria kuba la kanisa la St Paul's mjini London. Wachoma matofali wetu wanapojenga mdomo wa tanuru kwa tao, bila chuma wala saruji, wanaifuata njia hiyohiyo kwa uzoefu wa mikono.

Kuna kitu kingine cha Hooke kipo chini ya malori yote yanayopita Sitalike. Ni kile kiungo chenye umbo la msalaba kwenye propela shafti, ambacho mafundi wanakiita krosi. Kinaruhusu shafti izunguke hata ikiwa imepinda. Wazo lake lilitajwa kabla yake na Mtaliano Cardano, lakini Hooke ndiye aliyelieleza kwa kazi, na Waingereza hadi leo wanakiita kwa jina lake.

Alizungumzia pia matetemeko ya ardhi, na hapa tunaomba msikilizaji wa Katavi atege sikio. Kwenye miamba ya kisiwa alikozaliwa kulikuwa na magamba ya konokono na chaza yaliyogeuka mawe, juu kabisa ya bahari. Watu wa wakati wake wengi walisema ni maumbo tu yaliyojitokeza ndani ya jiwe. Hooke alisema ni mabaki ya viumbe waliowahi kuishi, na kwamba ardhi hiyo iliwahi kuwa chini ya maji ikanyanyuliwa na matetemeko. Alitoa mihadhara juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na ilichapishwa mwaka 1705 baada ya kifo chake.

Sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa zaidi kupimwa katika Afrika. Mwaka huohuo wa 1910 Mmarekani Harry Fielding Reid, aliyechunguza tetemeko la California la mwaka 1906, alieleza kinachotokea. Mwamba wa chini ya ardhi nao ni mnyumbufu. Pande mbili za ufa zinasogea polepole, mwamba katikati unavutika na kuinama kwa miaka mingi kama ule ubao wa Hooke. Siku mpaka unapopitwa, unaachia na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho tetemeko. Hooke hakulijua hilo, lakini maneno yaliyotumika kulieleza ni ya kwake.

Kilichoharibu miaka yake ya mwisho ni ugomvi na Isaac Newton. Ulianza mwaka 1672 kuhusu mwanga na rangi, ukawaka zaidi Newton alipokaribia kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mwendo na uvutano, kilichotoka mwaka 1687. Hooke alisema wazo la kwamba nguvu ya uvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka alimwandikia yeye kwa barua. Ni kweli waliandikiana mwaka 1679 na 1680, na barua za Hooke zilimsaidia Newton kulitazama swali upya. Ni kweli pia kwamba kulithibitisha kwa hesabu ni jambo jingine, na hesabu hiyo aliifanya Newton. Sisi tunaona kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya haki na hakuna aliyetaka kumpa mwenzake hata kidogo. Newton alilipunguza jina la Hooke kwenye kitabu chake.

Mwaka huohuo wa 1687 alifariki Grace, binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye na kumtunzia nyumba. Hooke hakuwahi kuoa. Waliomfahamu wanasema baada ya kifo hicho hakurudi kuwa yule wa zamani. Macho yakapungua nguvu, miguu ikavimba, akawa anakaa na nguo zilezile akiandika usiku hadi alfajiri. Alifariki tarehe 3 Machi 1703 kwenye vyumba vyake vya chuo cha Gresham, alikokuwa profesa wa jiometri tangu mwaka 1665. Watu walikuta sanduku la chuma lenye maelfu ya pauni, fedha alizolipwa kwa kupima viwanja vya London. Aliishi kama maskini juu yake.

Novemba ya mwaka huo Newton alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Leo hakuna picha ya Hooke inayojulikana kwa hakika kuwa ni yake. Wapo wanaosema Newton aliitupa makusudi, lakini hakuna ushahidi, na kupotea kwa vitu wakati ofisi inahama si jambo la ajabu. Mifupa yake ilihamishwa kutoka kanisani alikozikwa katika karne ya 19, na kaburi lake mahsusi halijulikani. Kipimo cha ugumu wa vitu, kilichoendeleza hesabu yake, kilichukua jina la daktari Thomas Young aliyeandika mwaka 1807. Ila mwaka 2006 kulipatikana kwenye kabati la nyumba moja huko Hampshire lundo la karatasi za mkono wa Hooke, nakala na maelezo ya vikao vya Royal Society. Chama kililinunua kwa karibu pauni milioni moja. Ndani yake mna maelezo yanayoonyesha kwamba habari ya saa ya springi aliileta kwenye kikao miaka kadhaa kabla ya Huygens kutangaza yake. Kwa hilo, basi, hakuwa anasema uongo.

Tulimpigia mzee wa Usevya na kumweleza njia ya kuipima mizani kwa hatua za Hooke, ambayo yeyote anaweza kuifanya. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Ning'iniza dumu tupu, soma mshale. Ongeza lita tano kwa chupa ya lita moja, soma tena. Ongeza tano nyingine, na tano nyingine. Mshale ukisogea kilo tano kila mara na dumu tupu likasoma uzito wake, mizani ni nzima. Ukisogea nne nne kila mara, springi iliyomo si ya mizani hiyo. Hatua zikianza sawa halafu zikabadilika mzigo unapokuwa mkubwa, au maji yakitolewa na mshale usirudi ulipoanzia, springi imepita mpaka wake au imeshika kutu. Mwenye kupima rasmi na kugonga muhuri ni Wakala wa Vipimo, na mizani ya biashara inatakiwa iwe na stika yao ya mwaka husika. Dumu la maji haliondoi hilo. Linakusaidia tu ujue kama kuna sababu ya kuwaita.

Mnunuzi aliporudi kijijini kuchukua mahindi ya jirani, mzee alimwomba waning'inize dumu kwanza. Mnunuzi alikubali, maana mizani yenyewe aliikodi. Dumu tupu la kilo moja, mshale haukutikisika. Wakaongeza lita tano, ukasoma 3. Lita tano nyingine, 8. Halafu 13, halafu 18. Hatua zote zilikuwa sawasawa, kwa hiyo springi haikuwa na kosa. Walipoangalia uso wa mizani kwa karibu waliona kipini kidogo kilichouzuia mshale usishuke chini ya sifuri. Mshale ulikuwa umeegemea pale, ukionekana umeanza kwenye sifuri, kumbe ulitakiwa uwe kilo tatu chini yake. Mzee alikuwa ameuza magunia 40. Mnunuzi alimlipa kilo 120 palepale, akaondoka na mizani yake bila kupima kitu kingine siku hiyo.